Nguo Ilikuwa ya Kijani

Mama aliishika picha kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza huku na huku kama anayekagua jora sokoni. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya cherehani. Mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa sakafuni akikusanya vipande vya uzi. Mimi nilikuwa nimekalia benchi la wateja, nasubiri sifa.

"Huyu ni mtoto wangu," akasema. "Lakini hii nguo ni ya nani?"

Nikafikiri anatania.

"Mimi nilishona nguo ya kijani, mwanangu. Hii ni ya kahawia."

Niliinuka nikamfuata mlangoni. Nguo yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya rafu ya nyuzi. Satini ya kijani kilichokolea, kijani cha jani la mgomba baada ya mvua. Nikaitazama, nikarudi kwenye picha. Ile ya kwenye picha ilikuwa na rangi ya kahawa iliyozidishwa maji. Nilikuwa nimekaa na picha hiyo majuma mawili. Nilikuwa nimeichapisha kwa ukubwa wa kutundika ukutani na kuwaonyesha marafiki. Jicho langu lilikuwa limeshaiamini picha kuliko kumbukumbu.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita, katika kibanda chake cha ushonaji huko Umoja, karibu na soko la Mutindwa. Tangu hapo sijatulia.

## Fremu kumi

Ukienda kwenye matamasha ya kosplei hapa Nairobi, ambako watu huja wamevaa kama wahusika wa katuni, unajua ukumbini kulivyo: taa za kila rangi, spika zinanguruma, na kila hatua tatu mtu ameinua simu. Kwa hiyo mimi huwaomba watu tutoke. Siku ya picha ile, Westlands, tulikwenda nyuma ya jengo kunakoegeshwa magari, kwenye kivuli cha ukuta mrefu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na maji yalikuwa yametuama hapa na pale. Saa kumi jioni kivuli kile kina mwanga mtulivu ambao hauchomi uso wala hauufichi.

Kamera yangu ni Mamiya RB67, kamera iliyoanza kutengenezwa mwaka 1970. Ni chuma kitupu, zaidi ya kilo mbili, na haina betri. Unaishika usawa wa tumbo, unainamisha kichwa, na kwenye kioo unamwona mtu kinyume: akienda kulia, wewe unamwona akienda kushoto. Roli moja ya filamu ya 120 inakupa fremu kumi. Ukiwa na fremu kumi humwambii mtu "simama hapo" ukaanza kufyatua. Mnazungumza kwanza.

Tulizungumza. Alikuwa mpiganaji wa kike kutoka katuni ya Kijapani. Dirii ya kifuani na mabegani aliitengeneza mwenyewe kwa miezi mitatu, kwa ile mikeka ya sponji inayounganishwa sakafuni watoto wachezee. Aliikata kwa wembe, akaipasha moto ikunjike, akaigandisha kwa gundi, akaipaka rangi ya fedha. Gauni na joho ni kazi ya mama. Mama hakuwahi kuitazama katuni yenyewe. Alipewa picha kwenye simu, akaambiwa, kijani ni hiki. Alikwenda Eastleigh mara tatu. Kila kijani alichoonyeshwa kilikuwa kikavu au kinang'aa mno. Mwishowe akakipata Biashara Street, kipande cha mwisho kwenye jora, na akalazimika kupunguza upana wa joho ili kitoshe.

Haya yote niliyasikia pale pale, kabla ya fremu ya kwanza. Ndiyo yanayoniuma.

## Haijahaririwa

Nilikuwa na sheria moja: filamu haiguswi.

Ilitokana na kuchoka. Wapiga picha wengi wa matamasha haya hutumia kamera za dijitali, na kufikia usiku ule ule picha zao zimeshatoka: moto unaruka viganjani, macho yanawaka, ngozi imelainishwa mpaka vinyweleo vimekwisha. Nilitaka kitu kingine. Nilitaka chembechembe za filamu, jasho juu ya mdomo, wigi linaloonyesha kwamba ni wigi. Chini ya kila picha niliandika neno moja, "Haijahaririwa", na niliamini kwamba ninamtendea haki aliyesimama mbele yangu.

Basi nilipotoka Umoja siku ile, moja kwa moja nilimwendea mzee anayeniskania filamu mjini ziingie kwenye kompyuta, nimejaa lawama.

Hakubishana. Aliitoa negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo rangi zake zimepinduka, kwenye bahasha, akailaza juu ya kisanduku cha taa. Aliyewahi kushika negativu ya rangi anaijua ile rangi ya chungwa iliyotanda filamu nzima.

"Niambie," akasema, "nguo hapa ni ya kijani au ya kahawia?"

Sikuweza kusema. Hakuna jicho la mtu linaloweza.

"Kila picha uliyochukua hapa, mimi ndiye niliyeipa rangi. Mashine inakisia, mimi narekebisha. Nikiona uso umekaa sawa, nasimama."

Nikiona uso umekaa sawa, nasimama. Miaka yote ile nilikuwa nikiandika "Haijahaririwa" juu ya kazi ya mikono yake.

Kisha akanionyesha jambo la pili. Alisogeza rangi kuelekea kijani. Nguo ikaanza kurudi, lakini uso wa binti ukawa wa mgonjwa wa siku nyingi. Akaurudisha uso, nguo ikafa tena.

"Chagua," akasema. "Uso au nguo."

## Mwanga ambao jicho haliuoni

Nilirudi nyumbani nikasoma, na nilichokikuta kilinitoa usingizini.

Hakuna aliyekosea. Filamu ilikuwa Portra 400 ya Kodak, ile ya sasa iliyotoka mwaka 2010. Ilikaa kwenye dawa ya kusafishia dakika 3 na sekunde 15, nyuzi joto 37.8, kama inavyotakiwa. Tatizo lilianza Biashara Street. Baadhi ya rangi zinazotumika kutia vitambaa, hasa vya nyuzi za kiwandani, hurudisha kwa wingi mwanga mwekundu wa mwisho kabisa, ule wa ukingoni ambao jicho letu karibu halina habari nao. Sisi tunaona kijani. Tabaka la filamu linalopokea wekundu linauona ule mwanga na kuuandika. Wekundu ukijumlishwa na kijani, unapata kahawia. Kodak wenyewe walilieleza jambo hili katika maandiko yao ya kiufundi: vitambaa vya kijani cha kati na kilichoiva ndivyo vinavyodhurika zaidi, na vinaweza kutoka kijivu au rangi ya joto, kama kahawia. Kuna maua ya buluu ambayo kwenye filamu hutoka ya waridi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa maneno mengine, kijani kile ambacho mama alikitafuta kwa safari nne hakikuwa na njia ya kufika salama kwenye karatasi yangu. Kingefika tu kama mtu angekirudisha kwa mkono.

Na mimi nilikuwa nimeapa kutotia mkono.

Nilikumbuka pia habari ya kadi za Shirley, ambayo wapiga picha wengi wa huku tunaijua na tunaipita haraka. Kuanzia miaka ya 1950 maabara zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Uso wake ukikaa sawa, mashine imekaa sawa. Nyuso zetu zilitoka zimezama gizani, meno na macho tu. Malalamiko yaliyosukuma filamu ibadilike yalitoka pia kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao walitaka mbao zao na bidhaa zao zitofautiane kwenye picha. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana. Nilikuwa nimeitumia habari hii mara nyingi kuwaeleza watu kwamba filamu ina historia. Sikuwahi kuiuliza inaniambia nini mimi: kwamba filamu isiyoguswa ina chaguo la mtu ndani yake tangu kiwandani, na mtu huyo hajawahi kufika Umoja.

## Penseli juu ya kioo

Waliotangulia hawakuwa na kiapo kama changu. Wapiga picha wa studio walichonga penseli hadi ikawa kama sindano, wakagusagusa negativu yenyewe, mikunjo ya uso ikapungua. Picha za nyeusi na nyeupe zilipakwa rangi kwa brashi: midomo, kanga, maua ya mezani. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha picha mpaka mtu akaonekana ndani ya kitu kingine kabisa, na hakuwa na kompyuta. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliweka nyuma ya wateja wao meli, ndege na miji ya mbali. Aliyepigwa picha pale alijua hajapanda ndege, na aliyepelekewa picha alijua pia. Picha ilionyesha anachokitamani, na hilo lilikuwa kweli.

Nilipowatazama vijana wa kosplei nikiwa na hao kichwani, niliona kwamba wamekaa kwenye mstari ule ule. Sheria yangu ndiyo iliyokuwa mgeni.

## Usiku mmoja

Niliketi mbele ya kompyuta saa tatu usiku. Nikaizungushia nguo mpaka wake, polepole, kwenye kila mkunjo wa satini, ili niweze kuigusa bila kuugusa uso. Nikapunguza wekundu. Kijani kikaja. Nilipokiona kikitokea kwenye mkunjo wa kiunoni nilishusha pumzi, kwa sababu kilikuwa ni kile kile cha ukutani.

Ningesimama hapo.

Lakini mlango ukishafunguliwa ni vigumu kujua uufunge wapi. Niliondoa vumbi, na kwa hilo sina ubishi na mtu. Unywele ulioanguka juu ya skana si sehemu ya mtu yeyote. Kisha begani dirii ilikuwa na ufa, rangi ya fedha imepasuka na sponji ya buluu inachungulia. Nikauziba. Kisha nyuma kulikuwa na ncha ya gari. Nikaififisha. Kisha kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na mkono.

Ulikuwa mkono wa yule mdogo wake. Ndiye aliyebeba gundi, pini na maji siku nzima, na wakati wa kupiga picha alikuwa amechutama pembeni ameshika pindo la joho lisiguse maji. Kwenye kioo cha kamera sikuuona. Nilikuwa nikitazama macho ya dada yake. Nikauondoa. Joho likabaki limeinuka hewani lenyewe, kana kwamba upepo wa vita umelipiga.

Ilipendeza. Nasema kweli, ilipendeza kuliko picha yoyote niliyowahi kuitoa, na saa nane usiku niliiweka mtandaoni bila kumuuliza mtu.

Asubuhi watu walikuwa wamejaa pale wakiisifu. Katikati ya sifa hizo ikaingia sauti kwenye simu yangu kutoka namba ya binti, lakini aliyezungumza hakuwa yeye.

"Anko, mkono wangu umeuweka wapi?"

## Picha ya nani

Sikumjibu siku ile. Nilikosa la kusema, na nililibeba swali lake kila nilikokwenda. Ndani ya matatu, kwenye foleni ya benki, kitandani.

Kijani kilikuwa rahisi, nilijiambia. Kijani kilikuwa kweli na filamu ikakiharibu, nikakirudisha. Mkono nao ulikuwa kweli, nikauondoa mimi. Basi irudi kama ilivyokuwa, tumalize.

Ila binti hakukubali. Nilipompigia kumwomba radhi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, mimi naipenda bila mkono. Yule mpiganaji hana mdogo wake wa kumshikia joho. Siku ile sikuwa mimi."

Kauli hiyo ndiyo iliyonigeuza, na naielewa zaidi kadiri siku zinavyopita. Nilikuwa nimewalaumu wale wanaotia moto viganjani kwamba wanadanganya. Hawadanganyi. Wanampiga picha mhusika, na mhusika ana moto. Mtu aliyekaa miezi mitatu akikata sponji hakuja tamashani kuonekana amevaa sponji. Akiona chuma, kazi yake imefika. Mimi nilikuwa nikitaka mshono uonekane kwa sababu mimi napenda mishono, nikauita ukweli.

Lakini kuna mwingine ndani ya picha ile ile, yule aliyevaa, na nyuma yake wapo waliomvisha. Hao nao hawawezi kufutwa kwa sababu tu wamekaa kwenye kona mbaya ya fremu. Picha ya mtu aliyevaa mhusika ina watu wawili kila mara, na kosa langu la usiku ule, naliona sasa, ni kwamba niliwaamulia wote wawili peke yangu. Nilimwondolea dada ufa bila kujua kama anautaka, nikamwondolea mdogo wake mkono bila kujua kama upo kwa ajili ya nini. Ule ukali wangu wa zamani wa kutogusa na ule ulaini wa saa nane usiku vilikuwa kitu kimoja. Hakuna mahali nilipouliza.

Kwa hiyo niliuliza. Ufa, akasema, uondoe. Ulitokea kwenye matatu Jogoo Road, mtu alimkalia begani, si kazi yake. Ngozi usiiguse. Macho usiyang'arishe. Gari la nyuma lolote liwe. Mkono, kwenye ukurasa wake, usiwepo, lakini chini yake iandikwe ni nani aliyelishika joho. Ile ya kutundikwa nyumbani ni ya mama, aulizwe mama.

Mama hakuchukua hata dakika. "Huyo mtoto alichutama kwenye maji. Mrudishe."

## Kucha

Kuurudisha mkono kulinirudisha kwenye skani ya kwanza, ile isiyoguswa. Nilikuza kona ile mpaka chembechembe zikawa kama mchanga. Usiku ule wa kwanza sikuwa nimeukuza. Nilikuwa nimeupaka tu ukapotea.

Ni mkono mdogo, umekunja pindo la satini katikati ya kidole cha shahada na gumba, vidole vingine vimeachwa wazi, kama mtu anayeshika kitu chenye unyevu. Kwenye ukucha wa gumba kuna doa la rangi ya fedha. Si mng'ao wa maji. Ni rangi ya dirii, imekauka ukuchani na kuingia kwenye ngozi ya pembeni.

Alikuwa amempakia dada yake ile rangi ya dirii. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Naweza kusema sasa, kwa upande wangu, kwamba picha yenye mkono ndiyo bora. Joho linaloelea peke yake ni zuri mara moja. Joho lililoshikwa na mkono wenye rangi ya fedha ukuchani nalitazama kila siku na halijaisha. Dada yake anaona vingine, na yake ipo kwenye ukurasa wake kama alivyotaka. Lile neno "Haijahaririwa" nimelifuta kwenye picha zangu zote.

## Mlangoni

Juzi nilikwenda Umoja na karatasi nne za majaribio. Mama alitoa kapu la mabaki, akachambua mpaka akapata kipande cha kijani kile kisichozidi kiganja. Chini ya balbu ya kibandani, jaribio la kwanza na kipande vilikuwa sawasawa. Nikafurahi. Yeye hakusema kitu. Alinishika kiwiko akanitoa mlangoni. Kwenye mwanga wa nje karatasi yangu ilikuwa ya buluu.

"Kitambaa hakinunuliwi chini ya taa," akasema.

Jaribio la pili lilikuwa na umanjano. La tatu lilikuwa karibu, lakini lilikuwa limeufanya uso wa binti yake uwe mweupe kuliko alivyo, na hilo aliligundua kabla yangu. La nne alilishika muda mrefu. Aliweka kipande juu ya kiuno, akakisogeza kwenye joho, akakisogeza mpaka kwenye kona ya chini, pale kwenye mkono. Mdogo mtu alikuwa amesimama nyuma yetu akichungulia.

"Hapo," akasema mama.

Wiki hii nimempelekea picha kubwa, imechapishwa kwa rangi ya lile jaribio la nne. Aliipokea, akaitazama mlangoni, akaingia nayo ndani. Kabla ya kuitundika aliigeuza, akachukua kile kipande cha satini, akakikunja ukingo usichanike uzi, akakibandika nyuma ya picha kwa gundi ya dirii, pembe zote nne. Kisha akaitundika kando ya nguo.